Shabaha na Chenga

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na dada yangu amekuja nayo. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta kwenye ngazi, amekalia begi lake, viatu amevivua ameviegesha ukutani vikauke. Anaishi mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, na hakupiga simu. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Kwani lazima kuwe na kulikoni? Nimekuja kupumzika." Nikamwuliza Shemeji yuko wapi. "Yupo." Na kazi je? Dada anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Akasema ameomba likizo. Nikapika, tukala, akaosha vyombo. Sielewi chochote, ila nimefurahi kumwona.

Jumanne, 5 Machi

Kazini nako kumechangamka. Tuko wanne katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Kuna Mkuu, mwenye kampuni. Kuna Mchoraji, anayechora kila kiumbe kwenye gemu yetu na ambaye huongea kwa kuinua nyusi. Kuna Kobe, mwandishi wa programu, tunayemwita hivyo kwa sababu hana haraka, na ukimchokoza anaingiza kichwa ndani. Na mimi, mtunga kanuni.

Gemu yenyewe ni ya safari ndefu. Mchezaji anachukua mhusika mmoja, anazunguka naye nchi ya kubuni, anapambana, anapanda ngazi, anaongeza uwezo. Aliyekuwa akishughulikia mapigano ameacha kazi, na leo Mkuu amenikabidhi mimi. "Mwisho wa Mei wasambazaji wanakuja kuiona," amesema. "Nataka mtu akirusha upanga ajue kwa nini umepata na kwa nini umekosa." Nikasema sawa, nikakaa. Mimi mwenyewe sijui kwa nini upanga hupata au hukosa.

Jumamosi, 9 Machi

Niiandike hapa kanuni yangu ya kwanza nione kama ninaielewa. Kila mhusika ana Shabaha, yaani uwezo wa kulenga, na Chenga, uwezo wa kukwepa. Unachukua Shabaha ya anayepiga, unatoa Chenga ya anayepigwa, na kinachobaki ndiyo nafasi ya pigo kupata. Shabaha tisini, Chenga kumi: pigo linapata mara themanini katika mia. Kompyuta inarusha dadu yake, mambo yamekwisha. Hata mtoto wa shule ataielewa. Nimejiona fundi.

Dada ameomba aione. Nimempa kompyuta ndogo ya kazini ajaribu. Amemchagua Unyoya, msichana mwembamba asiye na ngao, na kila pointi anayoshinda anaitia kwenye Chenga. Nikamshauri aweke kidogo kwenye nguvu za kupiga. "Za nini?" akasema. "Wakinikosa inatosha."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Dada hakutoka.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nilimwacha dada kwenye pambano. Jioni nimemkuta kwenye pambano lile lile. Maadui watatu wamemzunguka Unyoya wanarusha mikuki, na mikuki yote inapita. Chenga yake imefika tisini, Shabaha yao ni tisini, ukitoa hakibaki kitu. Naye hana nguvu ya kuwaumiza. Hakuna anayekufa. Dada ametulia mbele yake kama mtu anayetazama samaki kwenye tangi.

"Umekula kweli?"

"Nimekula hapa hapa."

"Hujachoka na hilo pambano?"

"Mimi nimechoka," akasema. "Ila huyu binti anakwepa tangu asubuhi na hata hahemi. Hiyo mmeisahau."

Nikamwambia hayo ni ya Mchoraji, mambo ya sura na pumzi. Nilikuwa nafikiria ile sifuri.

Alhamisi, 14 Machi

Kobe amenichorea kwenye ubao. Pointi tano za Chenga mwanzoni hazionekani: pigo lililokuwa linapata mara themanini sasa linapata sabini na tano, nani atajua? Pointi tano hizo hizo mwishoni zinaligeuza pigo la mara kumi kuwa la mara tano. Umepunguza maumivu yako nusu nzima. "Kadiri unavyokuwa nayo ndivyo inavyozidi kulipa," amesema Kobe. "Mtu mwenye akili hatanunua kitu kingine." Kisha akaingiza kichwa ndani tena. Ndiyo kusema nimetengeneza gemu ambayo wote watakuwa Unyoya, na hakuna atakayempiga mwenzake hadi kiama. Ule ufundi wangu umedumu siku chache.

Jumapili, 17 Machi

Shemeji amepiga simu. Lazima niseme kwamba Shemeji nampenda. Nilipohamia hapa ndiye aliyenibebea kabati mgongoni hadi ghorofa ya tatu huku anaimba, na majirani wakatoka kumsikiliza. Leo sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Shem, samahani kwa usumbufu. Dada yako yuko kwako?"

"Yupo, Shemeji. Yuko salama."

"Ahsante. Nilikuwa silali. Usimsumbue, mwache apumzike."

Nikamwambia dada, nikidhani atafarijika kwamba anatafutwa kwa upole namna hiyo. Alikuwa anakunja nguo. Akaikunja ile aliyokuwa nayo mkononi, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akaingia chumbani akafunga mlango taratibu, kitasa hakikutoa hata mlio. Hajala. Nimekosea nini?

Ijumaa, 22 Machi

Kanuni ya pili. Nimeweka sakafu na dari: hata ukwepe vipi, pigo litapata walau mara kumi katika mia, na hata ulenge vipi, halitazidi tisini na tano. Mapambano sasa yanaisha. Lakini mchezaji akishagusa sakafu, pointi anazoongeza juu yake zinapotea bure, naye anakasirika, na ana haki. Mkuu amesema, "Umeziba tundu kwa kidole." Mchoraji akainua nyusi zote mbili.

Jumanne, 26 Machi

Mama amepiga. Akaniuliza maswali kana kwamba dada hana masikio yake.

"Mwulize, amempiga?"

Nikauliza. Dada akasema, "Hajawahi kunigusa."

"Ana mwanamke nje?"

"Hana."

"Analewa?"

"Mama anajua hanywi."

"Anamnyima matumizi?"

"Hapana."

Mama akasema, "Sasa?" Nami simu ikiwa sikioni nikamtazama dada kwa jicho lile lile la Mama. Sasa? Akanyanyuka kwenda kuanua nguo, na mvua haikuwa imeanza.

Jumamosi, 6 Aprili

Kanuni ya tatu, na hii naiamini. Nimeacha kutoa, ninagawanya. Chukua Shabaha ya mpigaji, uigawe kwa jumla ya Shabaha hiyo na robo ya Chenga ya mpigwaji. Mia kwa mia, pigo linapata mara themanini. Chenga ikiwa mara nne ya Shabaha, linapata nusu. Unaweza kuongeza Chenga hadi uchoke, kila pointi inasaidia, ila hakuna atakayefika sifuri. Kobe aliitazama muda mrefu, akasema, "Hii haina ukuta. Ina mlima." Kwa Kobe hiyo ni hotuba.

Dada bado anamcheza Unyoya. Sasa anaguswa mara moja moja, na akiguswa anafunga kompyuta papo hapo.

Jumatano, 10 Aprili

Wajaribu wa kwanza wamekuja ofisini. Kinyozi wa mtaani kwetu amekaa, akacheza vizuri, kisha akausukuma ubao wa herufi mbele yake. "Themanini gani hii? Nimekosa mara mbili mfululizo."

Nikamweleza. Ukiwa na nafasi ya themanini, kukosa mara mbili mfululizo hutokea kama mara moja katika ishirini na tano, na wewe kwa saa moja unarusha upanga mara nyingi kuliko hizo, kwa hiyo lazima yakukute. Alinisikiliza kwa adabu yote.

"Sawa," akasema. "Lakini hii inaniibia."

Wote wamesema hivyo, kila mmoja kwa maneno yake. Hesabu ni sahihi na watu wameumia. Nimetembea hadi nyumbani kwenye manyunyu bila kufungua mwavuli, nikiwaza sahihi maana yake nini.

Jumanne, 16 Aprili

Mambo hayalingani. Nimejumlisha mapigo ya wajaribu wa wiki hii. Palipoandikwa themanini, yanapata karibu tisini. Palipoandikwa hamsini, sitini. Nimerudia hesabu. Nimerudia tena. Wajaribu nao ghafla wanatabasamu, kinyozi amekuja na mkewe. Ama mimi sijui kugawanya, ama dadu ya kompyuta ina mapepo.

Shemeji anapiga kila jioni sasa. Anaongea nami, haombi kuongea na dada. Anauliza mvua, anauliza kazi yangu, ananichekesha. Leo amesema, "Shem, mwulize tu siku moja, kosa langu ni lipi. Mimi nitalirekebisha." Nimemwuliza dada. "Mwambie hana kosa," akasema. Sasa mtu asiye na kosa unamkimbia wa nini? Nimeanza kumwona dada kama anayetuchezea, na ninaona haya kuandika hivyo.

Ijumaa, 19 Aprili

Kichwa kiliniwanga hadi nikamwambia Kobe najiuzulu, kwa kuwa hata kugawanya kumenishinda. Akatoka, akarudi na chai mbili, moja akaiweka mbele yangu.

"Hujashindwa," akasema. "Ni mimi. Mkuu aliniambia niongeze kumi kwa siri. Kioo cha kompyuta kinaonyesha themanini, ndani ni tisini. Aliniambia nisikwambie mpaka aone kama wanafurahi."

"Na wanafurahi."

"Wanafurahi sana."

Nikaenda kwa Mkuu. Hakukana. "Mtu akiona themanini, moyoni anasikia hakika," alisema. "Mimi nimempa kile anachosikia. Uongo uko wapi?" Ukimwambia mtu ukweli anasema umemwibia, ukimdanganya anakushukuru na kumleta mkewe. Niliyekuwa namwona mvivu ndiye aliyeniambia ukweli, na niliyekuwa namwona mkweli ndiye aliyeuficha.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua haikukatika. Sikufanya lolote la maana.

Jumamosi, 27 Aprili

Nataka niandike kabla sijaanza kuyapanga vizuri kichwani.

Shemeji amekuja leo mchana. Alibisha hodi, nikafungua, amelowa chapachapa, mfuko wa machungwa mkononi, anacheka. "Shem, mji wenu huu unaogea nje?" Nikacheka. Nikamkaribisha, nikampa taulo. Dada alikuwa jikoni. Sikumwona akija, ila nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, bega moja nje na moja ndani.

Tukakaa. Nikamimina chai. Shemeji akamsifu Mama, akaisifu nyumba, akaniuliza kabati lile bado limesimama? Kila kitu kilikuwa kama zamani. Akamgeukia dada akasema kwa upole, "Mke wangu, twende nyumbani. Kliniki wananiuliza, majirani wananiuliza. Niwaambie nini?"

Dada akasema, "Waambie nimehama."

"Sababu?"

Shemeji akanigeukia, bado anatabasamu. "Shem, wewe ni mtu wa hesabu, tusaidie. Mwulize mbele yangu kama nimewahi kumgusa. Hata kofi. Hata kumsukuma."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwuliza.

"Hajawahi," dada akasema. "Hajawahi kunipata."

Sikulisikia lile neno vizuri. Nilikuwa nafungua mdomo kusema basi, mpeane muda, kitu cha namna hiyo. Shemeji alikuwa ameshika kikombe. Uso wake haukubadilika. Nilichokiona ni dada: alipiga goti, kichwa akakiingiza upande wa jikoni, mkono mmoja juu ya sikio, yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayeokota sarafu. Kisha ndipo mkono wa Shemeji ulipoondoka. Kikombe kikapasuka ukutani, pale pale kilipokuwa kichwa cha dada, na chai ikaanza kuteremka.

Naandika tena kwa sababu sitaki kuja kujidanganya: dada aliinama kabla kikombe hakijatoka mkononi. Alikijua kabla. Hakupiga kelele. Akasimama, akajipangusa goti, akatazama chini kuona vipande vimeangukia wapi.

"Sikumlenga," Shemeji akaniambia. Sauti ile ile ya kwenye simu. "Unaona mwenyewe. Ningemlenga ningempata."

Sijui nilinyanyukaje. Nilijikuta nimeufungua mlango wa nje na kuushika kwa mikono miwili, kama vile ungeanguka. Nikasema, "Shemeji, nenda." Akasema, "Shem, usiingilie ya wakubwa." Nikasema tena neno lile lile, maana sikuwa na jingine. Mama mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya chini, alikuwa amepanda ngazi kwa kusikia kishindo, amesimama na mwiko mkononi, haulizi kitu. Shemeji akatutazama wote, akaweka taulo vizuri kwenye mkono wa kiti, akatoka. Kwenye ngazi nilimsikia akimwomba radhi mama mwenye nyumba kwa kumzibia njia.

Tulifagia. Nikamwuliza dada imekuwa mara ngapi.

"Sikumbuki. Sahani. Pasi, ya moto. Redio. Kiti kimoja, hicho kilinipita kwapani. Haniambii kitu kabla, hakasiriki hata. Nikiwa naongea naye naangalia mikono tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kila mtu anauliza amenipiga. Najibu ukweli. Amekosa." Akamwaga vipande kwenye ndoo. "Nimechoka, mdogo wangu. Hajanipata hata siku moja na sina nguvu ya kuinua hata huu ufagio."

Jumapili, 28 Aprili

Nimempigia Mama nikamweleza yote. Akauliza, "Lakini hakikumpata?" Nikasema hakikumpata. Nilimsikia akipumua. Kisha akasema, "Kiti kabisa?" Nikasema kiti kabisa. Akakata simu bila kuaga. Sijui yuko upande gani.

Na mimi nilikuwa upande gani siku zote hizi? Mtu aliyebeba kabati akiimba ndiye huyu huyu. Najaribu kuwaweka pamoja na hawakai.

Alhamisi, 2 Mei

Siku nzima nimeangalia kioo bila kuandika namba hata moja. Kwenye gemu yetu pigo likikosa linaandika "Amekosa" na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Uhai haujapungua, hakuna kilichotokea. Nimeliandika mimi neno hilo, kwa herufi ndogo za kijivu ili lisimsumbue mtu.

Jioni nikamwambia dada ninachowaza: kwamba mkwepaji awe na Pumzi, na kila akikwepa ipungue, na ikipungua Chenga yake ishuke hadi apate nafasi ya kutulia. Nikamwambia pia kwamba naona kama nimeyaiba maneno yake kuyapeleka kazini, na kama hataki nitaacha.

"Yapeleke," akasema. "Mimi sina kazi nayo tena. Ila usimpe Unyoya jina langu."

Kwa mara ya kwanza tangu aje tumecheka pamoja, na sikuwa na hakika tunacheka nini.

Jumanne, 7 Mei

Nimeieleza Pumzi kwa wenzangu. Mgawanyo wangu unabaki ule ule. Kilichoongezeka ni kwamba pigo lililokosa linampunguzia pumzi aliyekwepa. Kwa hiyo aliyerusha upanga na kukosa bado amefanya kitu, anauona mstari wa adui ukifupika. Na mkwepaji anakwepa kwa raha mwanzoni, lakini lazima aamue mapema: akimbie, apumzike nyuma ya mwenzake, au apige. Hawezi kusimama pale kutwa.

Mkuu akauliza, "Na ile kumi yangu?"

Kobe akatoa kichwa nje. "Nimeshaitoa," akasema. "Asubuhi. Tujaribu bila hiyo kwanza." Mkuu akamtazama kama aliyeongeleshwa na meza. Mchoraji ameanza leo kumchora Unyoya akihema, mikono magotini. Hakuna aliyemwagiza.

Jumatatu, 13 Mei

Kinyozi amekosa mara tatu mfululizo na hakusema ameibiwa. Alisema, "Anachoka huyo, namwona." Namba ni za kweli zote. Ila sasa Pumzi inakwisha haraka mno, watu wa Chenga wanakufa kama inzi. Narekebisha. Ukiuliza naongeza kwa kipimo gani, sijui, ninaongeza na kutazama nyuso.

Mama ameshuka kwenye basi jioni bila kumwambia mtu, kama dada alivyofanya. Ameingia, hakuuliza swali. Alimshika dada kichwa kwa mikono yote miwili, akamgeuzageuza kama anayekagua tikiti sokoni, pande zote, nyuma ya masikio. Kisha akaenda kupika.

Ijumaa, 24 Mei

Wasambazaji wamekuja, mwanamume na mwanamke. Mwanamume alichukua shujaa mwenye ngao akashinda. Mwanamke alimchukua Unyoya, akakwepa kwa madaha, akaishiwa pumzi katikati ya uwanja, akafa. Nikajisemea tumekwisha. Akasema, "Ngoja, ngoja, nilijua nilipaswa kukimbia," akaanza upya. Akafa tena mbali zaidi. Wameichukua, kwa sharti tubadilishe mwanzo wote. Mkuu ametukumbatia mmoja mmoja, hata Kobe, ambaye alisimama kama nguzo.

Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi. Lakini nilikuwa nawaza Jumanne, siku ya dada mbele ya wasuluhishi wa ndoa.

Jumanne, 28 Mei

Leo tumeenda mbele ya wasuluhishi wa ndoa. Huwezi kuivunja ndoa kabla wao hawajasema wameshindwa kuwapatanisha. Ni ofisi ndogo hapa mjini yenye benchi na feni isiyofanya kazi. Wazee wawili na mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti. Shemeji alikuja amenyoa vizuri, akatusalimia wote, akamwamkia Mama shikamoo. Mama akaitikia. Ilibidi.

Wakaniita mimi niseme nilichoona. Nikasema. Mzee mmoja akauliza, "Kikombe kilimpata?"

"Hakikumpata."

"Kilimgusa popote?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hakuumia."

Nilikuwa nimekesha na sentensi zangu wiki nzima, na pale nikakwama. Kila nilichotaka kusema kilikuwa na namba ndani yake. Nikasema, "Sijui niseme vipi, mzee." Shemeji akatikisa kichwa kwa huruma.

Dada akaomba kusema. Hakupandisha sauti.

"Mimi sikuja kwa sababu ya kikombe," akasema. "Vikombe vipo. Nimekuja kwa sababu nimeinama mbele ya watu wengi sasa ambao hawajarusha kitu. Daktari wangu wa meno kazini ameinua mkono achukue kalamu, nikawa chini ya meza, wagonjwa wananitazama. Mkimsuluhisha mume wangu akaacha kesho, mimi nitaendelea kuinama. Kwa hiyo mnasuluhisha nini?"

Mzee akafungua mdomo. Mwenyekiti akaweka mkono mezani mbele yake, akamwuliza Shemeji ana la kusema. Shemeji akasema yuko tayari kusamehe. Mwenyekiti akasema, "Sikukuuliza hilo." Wakatutoa nje tukasubiri. Walipotuita tena mwenyekiti aliandika kwamba wameshindwa kuwapatanisha, akagonga muhuri, akamkabidhi dada karatasi ya kupeleka mahakamani. Bado njia ni ndefu. Shemeji aliondoka bila kumtazama mtu.

Nje kulikuwa kumekauka, vumbi la kwanza tangu Machi. Tulisimama watatu ukingoni mwa barabara bila kujua tuelekee wapi. Mama akafungua mkoba wake, akaufunga. "Haya," akasema, "leo tunalala wapi? Wiki mbili tumebanana kwa mdogo wako, na mimi basi ni kesho."

"Kwangu," dada akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Mama akauliza, "Kwako wapi?"

"Nyuma ya soko. Chumba na jiko. Nimekichukua wiki iliyopita, magodoro yapo mawili." Akatutazama, mimi na Mama, kama anayesubiri tugombe. "Kuna ngazi mbaya pale mlangoni, mshike ukuta mkiingia."

Mama akamshika mkono. Mimi nikawafuata nyuma, nikijiuliza alikuwa akienda huko saa ngapi na kwa nini hakuniambia. Sikumwuliza.